Kilio Hakianzi kwa Simu

Jumatatu, 7 Julai 2025

Baridi kali asubuhi. Makaa yalikataa kushika. Nilipuliza mpaka kichwa kikazunguka, Jémima akanicheka – ati mama, hata moto umegoma kama walimu wetu. Binti huyu na mdomo wake! Sijui kautoa wapi. (Najua.)

Polisi walikuja kula kwangu saa sita. Kituo chao kiko ng'ambo ya barabara, na harufu ya sombe yangu, majani ya muhogo, ikifika kule wanamwacha hata mshitakiwa katikati ya maneno. Mkubwa wa meza ni Brigadier Baudouin, cheo kama cha sajini hivi. Ana sahani yake, ana kiti chake, na mtu mwingine akikikalia, yeye anasimama tu kando akikohoa mpaka mtu huyo ahame.

Leo habari ilikuwa mafunzo ya jeshi. Polisi mmoja kijana alisema kaka yake alirudi kutoka huko bega likiwa limehama mahali pake. Wanabebeshwa gogo wengi pamoja, mmoja akianguka wote chini. Mwingine akasema maharage ya huko yana wadudu kuliko maharage. Kicheko! Baudouin akapangusa mdomo kwanza.

"Formation haiko arusi," akasema. "Ni ya kutosha butoto mu mwili. Benye kubakia, njo basoda."

Mafunzo ni ya kutoa utoto mwilini, na wenye kubakia ndio askari. Nikauliza, na wasiobakia wanakwenda wapi? Akaniangalia, akakumbuka mimi ni mama wa nani. Akasema: "Mama Guelord, wa kwako iko nguvu, amekula bukari yako toka butoto." Wakacheka tena, ati nguvu ya ugali. Nikacheka nami, nikarudi jikoni. Vitunguu vilikuwa vimeungua.

Jumanne, 8 Julai

Guelord, mwanangu aliye kwenye mafunzo hayo, hajapiga. Mara ya mwisho ilikuwa kabla ya sikukuu ya uhuru, kwa simu ya kuazima. Aliuliza kama Kolwezi kuna baridi. Nikamwambia baridi ipo, we je, unakula? Akasema anakula. Mwongo mkubwa. Sauti ya mtu aliyeshiba naijua mimi, ndiyo kazi yangu.

Jumatano, 9 Julai

Wateja wachache. Nina nafasi ya kuandika, na nimechoka kuongea na sufuria.

Watu wananiuliza kama mwanangu alipenda jeshi. Alipenda mpira na usingizi! Mwezi wa tatu polisi walifanya bouclage kwenye machimbo – wanazunguka mahali alfajiri, na kila mwenye miguu michafu ni jambazi. Sasa kwenye machimbo nani ana miguu safi? Wakamchukua Guelord na Mechack, mjukuu wa Mama Marie jirani yetu, na vijana wengine tele. Wakawafungia kwenye kasho, mahabusu ya kituo, bila kuwauliza swali. Kisha lori likaja. Anayetaka kutumikia nchi apande. Asiyetaka abaki na kesi ya unyang'anyi.

Wakapanda. Redio ikasema vijana wa Kolwezi wamejitolea kwa wingi.

Baudouin alikuja mwenyewe kuniambia. "Mi njo nilimusaidia, Mama. Kule mu kasho angeoza." Nilimshukuru. Nilimpa kichwa cha samaki, kile kikubwa. Mpaka leo sijui kama nilimlisha mfadhili au mwizi wa mtoto wangu. Na bado anakuja kila siku, na mimi napakua.

Ijumaa, 11 Julai

Simu. Namba nisiyoijua. Mwanaume – nyuma yake upepo na watu wanaimba kwa hatua, kushoto, kulia. Aliuliza kama hapa ni kwa familia ya Guelord. Nikasema ndiyo, mimi mama yake. Akasema: "Mama, mujikaze." Halafu ikakatika.

Nilipiga, nikapiga. Mteja hapatikani. Mpaka Jémima akaninyang'anya simu.

Mujikaze. Nijikaze kwa lipi? Mtu anaambiwa ajikaze akiwa na deni, akiwa na mgonjwa, akiwa na mvua. Ni neno la kila kitu. Si lazima liwe lile. Nimeosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Jumapili, 13 Julai

Habari ya ile simu imezunguka mtaani kabla yangu. Kanisani wamama walinisalimia kwa mikono miwili. Nilichukia mikono ile.

Mchana alikuja shemeji yangu, Tata Muteba, mdogo wa marehemu mume wangu. Yeye ndiye mkubwa wa familia sasa. Alikuta wanawake watatu tayari wamekaa chini uani, vitenge mabegani, mmoja ameanza kuvuta kamasi. Akawainua kama anafukuza kuku.

"Nani amewaambia? Kilio haianzake na telefoni!"

Sheria ya kwao Kabalo ni hiyo, nami niliolewa nayo. Mtu akifia mbali, hatulii mpaka aliyeona kwa macho aje. Asimame uani, avue viatu, akanyage udongo wa nyumba ya mfu, aseme mara tatu mbele ya familia. Ndipo wanawake wanaruhusiwa kulia, na majani ya mchikichi yanawekwa barabarani ili wapita njia wajue. Kabla ya hapo, chozi ni uchawi. Anayemlilia mtu aliye hai anamsukuma kaburini kwa mkono wake.

Alinigeukia mimi. "Wewe zaidi, Mama Guelord. Wewe njo mulango yake. Machozi ya mama haikose njia."

Basi sijalia. Tangu Ijumaa sijalia. Nilidhani ni kazi rahisi kwa mwanamke mkavu kama mimi. Kumbe si rahisi hata kidogo.

Jumatatu, 14 Julai

Nimekwenda ofisi ya jeshi. Nilivaa kitenge cha Pasaka. Kijana mlangoni aliniita mama vizuri, akanipa benchi, akaniacha pale mpaka jua likahama upande. Kisha mkubwa mmoja akatoka na kikombe cha chai mkononi. Nikaeleza. Akasema hawajapata komunike yoyote, yaani taarifa rasmi. Bila komunike hakuna mfu.

"Kwa hiyo ni mzima?"

"Sijasema hivyo, Mama. Nimesema hakuna mfu."

Nimetembea kwa miguu mpaka nyumbani, malori ya shaba yakinimwagia vumbi. Nilikuwa naongea peke yangu njiani. Dereva mmoja wa pikipiki alinipisha kama anavyompisha mwendawazimu.

Jumatano, 16 Julai

Mechack amerudi!

Mama Marie alikuja kwa mlango wa nyuma, akanishika tu kidole. Nilimfuata nikiwa na mwiko mkononi. Mjukuu wake alikuwa amekaa nyuma ya nyumba yao, mguu mmoja ndani ya beseni la maji ya moto. Umevimba hata vidole havihesabiki. Kichwa kimenyolewa, shingo imekuwa nyembamba. Aliponiona alitaka kusimama. Nikamwambia kaa, mwanangu. Kaa.

Akaniambia yote. Alikuwa anaangalia beseni.

Kule wana zoezi la kuvuka mto. Kamba inafungwa ukingo huu na ule. Kila mtu ana mfuko wa mchanga mgongoni, badala ya risasi. Mkufunzi aliuliza: nani hajui kuogelea? Hakuna aliyeinua mkono. Walioinua wiki za kwanza walibiringishwa kwenye matope na kuitwa wake wa kambi, basi tangu siku ile kila mtu alijua kuogelea. Guelord naye! Ameogelea wapi mtoto wa Kolwezi? Maji anayoyajua ni yale ya kuoshea mawe, yanaishia magotini.

Aliingia. Alikuwa ameshika kamba. Kamba ikalegea katikati, vijana wakaanza kukanyagana, mifuko ikawavuta. Makelele. Wengine wakatokea ng'ambo.

"Mi nilimuona kuingia, Mama. Sikumuona kutoka."

Jioni waliita majina. Jina lake wakaliruka. Blanketi lake akapewa kijana mwingine, na yule kijana akajifunika na kulala usingizi. Mechack alisema ni blanketi lile lililomfanya atoroke. Alitembea, akapanda malori ya makaa, akatembea tena.

Nilimuuliza kama mto haukuweza kumtupa mbele, kwenye mchanga, kwenye kijiji cha wavuvi. Akasema: "Mayi ile ni mingi, Mama." Nikamuuliza tena kana kwamba sikusikia. Akanijibu vilevile.

Sikulia. Nilimwambia: wewe ndiye uliyeona. Jumapili baada ya misa utakuja kwetu, utavua viatu, utasema mbele ya Tata Muteba. Akaangalia mguu wake na kusema kiatu kimoja hata hivyo hakiingii. Tukacheka kidogo, Mungu atusamehe. Alikuwa akicheka hivyo hivyo na Guelord jikoni kwangu, wakiiba maandazi.

Siku nne tu. Nitaweza. Jumapili nitamlilia mwanangu mpaka wasikie kule mbali Mutshatsha.

Alhamisi, 17 Julai

Polisi wamemkamata Mechack.

Alfajiri, kwa bibi yake. Mlango haukuwa hata na kufuli, lakini waliuvunja. Mama Marie amekuja kwangu na kiatu kimoja mguuni. Mchana Baudouin na wenzake walikula kama kawaida, wakisifu matembele yangu, na yule polisi kijana akasimulia meza ya jirani kwamba wamenasa kuluna mmoja hatari sana. Kuluna! Jambazi wa panga! Mtoto asiyeweza kuvaa kiatu!

Nilisimama na sufuria mkononi. Nilitaka kuimwaga. Badala yake nikauliza nani anataka pili-pili.

Ijumaa, 18 Julai

Kwenye kasho serikali haipiki. Anayekula ni mwenye ndugu. Nilipeleka mabakuli mawili, moja la Mechack na jingine la wale wasio na mtu. Hawakuniruhusu kumwona. Nilisikia tu kikohozi chake.

Nikamvuta Baudouin pembeni. Nikamwambia: sikuombi umwachie. Nikopeshe tu. Jumapili, muda wa kusema neno moja, kisha umrudishe. Nikamweleza sheria yetu. Yeye ni mtu wa huku, alielewa vizuri, hata alivua kofia. Alikaa akijikuna kidevu.

"Nitasema na komanda. Lakini Mama… kule habanaga kufa mu mayi. Bakubwa banasema kule hakuna mwenye alikufa mu mayi. Kuko tu benye kukimbia."

Nikamwambia hayo ni maneno ya wakubwa, mimi nataka macho ya Mechack. Akasema: "Sawa. Atakuya. Atasema." Nikamshukuru tena! Nimemshukuru mtu huyu mara mbili sasa katika maisha yangu.

Jumapili, 20 Julai

Naandika mkono ukiwa na mafuta ya kuku. Ngoja nianze mwanzo.

Baada ya misa familia yote ilikuwa uani. Tata Muteba kwenye kiti, wanaume ukutani, wanawake kwenye mikeka. Majani ya mchikichi yalikuwa yamekatwa tayari, yamelazwa nyuma ya jiko, yanasubiri. Mimi nilikuwa nimefunga kitenge kiunoni kwa nguvu. Nilikuwa tayari. Naona aibu kuandika hivi, lakini nilikuwa kama mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa aliyefika hospitali: sasa, sasa kitoke.

Baudouin akamleta Mechack. Mikono imefungwa mbele kwa kamba. Mdomo wa juu umepasuka, na Jumatano haukuwa hivyo. Alikuja akichechemea, peku, akasimama kwenye udongo pale alipoonyeshwa.

Tata Muteba akamuuliza: "Mutoto, ulimuona Guelord na macho yako?"

"Nilimuona, Tata."

"Asa sema."

Mechack akamtazama Baudouin. Baudouin akatazama kuku.

"Guelord alikimbia," Mechack akasema. "Tulikimbia naye pamoja. Tukaachana mu njia. Iko muzima."

Sikuelewa. Nilidhani ananukuu mtu. Akasema mara ya pili. Mara ya tatu sauti ilimwishia njiani, mwisho wa neno ukatoka kwa midomo tu, lakini nani alijali? Mzima! Uani palilipuka. Vigelegele! Tata Muteba alipiga magoti, mzee yule mwenye goti bovu. Wanawake wakanikumbatia, wakanitikisa, wakanipaka unga wa muhogo usoni kama siku ya arusi. Mama Marie peke yake alikuwa analia, na watu wakamwambia acha, acha, furaha gani ya machozi. Jémima alinirukia shingoni kwa uzito wake wote. Binti yangu alikuwa anacheka. Sijamwona akicheka vile tangu mwezi wa tatu.

Nifanye nini? Ningesema anadanganya? Nani, mbele ya bunduki ya Baudouin? Jioni ile wangempasua na mdomo wa chini. Na familia ingeniambia: mama gani huyu anayemlazimisha mwanawe awe mfu?

Nilinyamaza. Kuku watatu wamechinjwa. Nimewapika mimi.

Walipomwondoa Mechack alipita karibu nami akasema, "Unisamehe, Mama." Watu wakasema ana adabu, anaomba radhi kwa kumwacha mwenzake njiani. Na Tata Muteba akasimama mbele ya wote: kuanzia leo katika lupango hii, ua wetu wote, hakuna chozi. Hata la siri. Mtoto yuko njiani, tusimwangushe.

Majani ya mchikichi wamewapa mbuzi.

Jumatatu, 21 Julai

Jumatano alikuwa peke yake nami na beseni. Jumapili alikuwa na kamba mikononi. Najua niamini lipi. Si mjinga.

Lakini asubuhi nimejikuta nafua shati la Guelord, lile la buluu. Nimelianika. Niliisugua kola mpaka ikang'aa.

Jumatano, 23 Julai

Nilikwenda kwa Mama Marie. Nilitaka kumuuliza Mechack mara moja tu, sisi wawili, bila mtu. Hayupo. Walimwachia Jumapili ileile jioni – kuluna hatari, ameachiwa kwa miguu yake! Hakulala hata nyumbani. Alipanda lori la makaa linalorudi Mutshatsha, kutoka pale atatafuta njia ya Dilolo, avuke aingie Angola. Bibi yake amebaki na beseni. Alisema mjukuu wake aliondoka bila kula.

Nikauliza: alikuambia nini kuhusu Guelord? Akasema: "Mama Guelord, usiniulize. Mi njo nitabakia hapa." Tukakaa. Tulimenya karanga.

Mezani leo wamezungumza habari yangu bila kunitaja. Ndivyo watu wanavyonifanyia heshima. Kabongo, dereva wa pikipiki anayekula kwangu, hajui kupunguza sauti. Alisema jeshi likiwa na mfu linapaswa kuleta sanduku, bendera na maelezo. Likiwa na mtoro, familia ndiyo inayopaswa kutoa maelezo. "Asa wewe ungekuwa mukubwa, ungechagula nini?" Kwenye meza ya polisi taya zikasimama. Kabongo akaona, akameza tonge bila kutafuna, akakumbuka ana abiria sokoni.

Nadhani hatakula kwangu tena. Nilitaka kumkimbilia nimwambie asante, au nimwambie funga mdomo. Sijui lipi.

Ijumaa, 25 Julai

Kila mtu ananiambia nimependeza! Eti furaha inaninenepesha. Ni uso, umevimba kwa kutolala.

Jémima anaweka sahani ya tatu mezani kila jioni, ati asije akakuta hakuna. Namwacha. Anaifunika na kitambaa, asubuhi tunawapa kuku. Ningemwambia nini? Akilia, nimemvunja. Asipolia kwa sababu haniamini, ni vibaya zaidi. Leo alinitazama muda mrefu, akauliza kwa nini siimbi tena nikipika. Nikasema koo.

Jumamosi, 26 Julai

Nilikwenda parokia kuomba misa. Katekista akafungua kalamu. Kwa nia ya nani? Kwa Guelord, nikasema. Marehemu au mzima?

Swali la kawaida. Anawauliza wote. Watu nyuma yangu kwenye foleni wakaanza kuhama mguu huu na ule. Marehemu – habari ingemfikia Tata Muteba kabla ya mimi kufika nyumbani. Mzima – ningekuwa nimedanganya mbele ya tabernakulo, na mwanangu yuko chini ya maji bila sala hata moja.

Nikasema, andika jina tu, Tata, Mungu atajua amweke upande gani. Akasema haiwezekani, kuna misa za aina mbili. Nikaondoka. Nilifika kwenye ukuta wa shule nikashika ukuta. Machozi yalifika hapa kwenye pua. Nikayarudisha. Maana kama – nisikie vizuri mwenyewe – kama kuna sehemu ndogo, ndogo kama punje ya mtama, kwamba alitoka mtoni upande mwingine, basi chozi langu ndilo litakalomzamisha. Sina haki.

Hiki ndicho walichoniibia. Mtoto walimchukua mwezi wa tatu. Sasa wamechukua na kilio chake.

Jumatatu, 28 Julai

Wamekuja. Wako hapa hapa, naandika wakiwa ndani.

Asubuhi, sijawasha moto bado. Baudouin na wanne. Hakunisalimia kama mteja. Alisoma kwa sauti ya serikali: mtoro wa jeshi, Guelord, anatafutwa, shahidi alisema mbele ya familia nzima kwamba ni mzima na yuko njiani, na anayemficha atajibu. Wasipompata leo watarudi. Wasipompata tena watanichukua mimi mpaka ajilete.

Jémima akawaka! Akawaambia hawana aibu, wanakula hapa kila siku, Guelord angekuwepo wasingemwona? Wakamsukuma. Nikamshika nikamweka nyuma yangu.

Wamepindua kitanda. Wametoboa gunia la makaa kwa mtutu wa bunduki. Wametazama ndani ya pipa la maji. Mimi nawafuata. Chumba hiki, chumba kile. Polisi yule kijana akageuka akaniuliza kwa nini namfuata kama kivuli, naogopa wataiba? Wakaniambia nikae jikoni nisisogee, ndiyo nimechukua kalamu. Yule kijana aliuliza naandika nini. Bei ya mafuta, nikasema.

Sasa wako chumbani kwake. Nasikia sanduku linafunguliwa. Kila wanapofungua kitu moyo wangu unasimama. Kila kitu! Hata kabati ambalo paka haingii. Baudouin anajua. Lazima anajua, yeye ndiye aliyemleta Mechack na kamba. Nilimtazama machoni akakwepa. Lakini anatafuta kweli. Nimemwona akiinua godoro kwa mikono yake mwenyewe, akainama, akachungulia mpaka mwisho kule gizani. Mtu hutafuta hivyo kama anajua anayemtafuta amekufa? Labda wana habari. Labda kuna mtu kamwona, Mutshatsha, stesheni, popote.

Wametoka nje, wako uani. Wanajipangusa vumbi. Baudouin anawaambia wenzake: "Hakuna mutu hapa. Tuende." Anatafuta kofia yake.

Nimemwita. Nimemwambia darini hawajapanda.

Amenitazama. Wote wamenitazama. Jémima amenivuta mkono: "Mama, uache baende." Baudouin amesema polepole, kwa sauti ile ya mezani, hakuna haja, Mama. Hakuna haja.

Nimemwambia haja ipo. Iko nafasi kule juu, mtu anaenea akilala. Ngazi iko nyuma ya choo. Naenda kuileta.